Betri zimo au hazimo? Uamuzi wa watengenezaji wa Python unavyofika hadi vijiji vya Kilimanjaro

Ukinunua redio au tochi dukani Moshi mjini, kuna swali unaloliuliza kabla ya kutoa hela: betri zimo au hazimo? Kama hazimo, bei uliyotajiwa bado haijatimia. Anayekaa jirani na duka hajali sana, atarudi kesho. Lakini aliyekwisha kupanda gari kurudi Mwika au Kibosho juu, tochi isiyo na betri atakaa nayo hivyo hivyo mpaka siku nyingine ya kushuka mjini.

Watu wanaotengeneza lugha ya programu iitwayo Python wamekuwa wakiulizana swali hilo hilo kwa miaka mingi, na jibu lao limebadilika. Tarehe 7 Oktoba 2024 walitoa toleo la 3.13 la lugha hiyo. Zana 19 zilizokuwa zikija pamoja nayo tangu zamani hazikuwemo tena.

Katika makala haya tunaeleza zana hizo ni nini, kwa nini ziliondolewa, na kwa nini uamuzi wa watu wachache wenye intaneti nzuri unamgusa mwanafunzi wa Uru, Machame au Rombo anayejifunza kwa kompyuta ya shule au kwa simu ya mzazi.

Python ni nini, na "betri" zake ni zipi?

Lugha ya programu ni maneno na kanuni ambazo mtu hutumia kuiagiza kompyuta ifanye kazi. Python ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum, raia wa Uholanzi. Ni ya bure, na maandishi yake ni mepesi kusomeka, ndiyo maana inafundishwa kwa wanaoanza katika shule na vyuo vingi duniani.

Lugha peke yake haifiki mbali. Ukitaka kusoma jedwali la hesabu, kutunza kumbukumbu, kutuma barua pepe au kufungua faili lililobanwa, unahitaji zana ya kazi hiyo. Watengenezaji wa Python waliamua mapema kwamba zana nyingi za namna hiyo zije ndani ya boksi moja na lugha yenyewe. Msimamo huo wakauita "betri zimo ndani".

Chukua mfano wa chama cha msingi cha ushirika cha kahawa, AMCOS. Karani anapokea kahawa ya wanachama, anapima kilo na kuandika daftarini. Kijana wa kijijini aliyejifunza Python anaweza kumtengenezea programu ndogo ya kutunza hesabu hizo. Zana ya kuhifadhi kumbukumbu, iitwayo sqlite3, imo ndani ya Python tangu mwaka 2006. Zana ya kusoma majedwali, iitwayo csv, nayo imo. Kijana huyo atapakua faili moja tu, lenye ukubwa wa karibu megabaiti 30 kwa kompyuta ya Windows, kisha ataimaliza kazi yote bila kugusa intaneti tena.

Zana ambazo hazimo kwenye boksi zinapatikana katika ghala la mtandaoni liitwalo PyPI, lenye miradi zaidi ya 500,000. Ili kuzichukua kuna zana nyingine, pip, ambayo tangu mwaka 2014 inakuja pamoja na Python. Hapo pana jambo la kuangalia. Pip yenyewe imo kwenye boksi, lakini vitu inavyokwenda kuvileta havimo. Umepewa ndoo, bomba bado liko mbali.

Kwa nini baadhi ya betri zilitolewa?

Kila mwenye redio anajua kinachotokea betri zikikaa ndani muda mrefu bila kutumika: zinavuja, na maji yake yanakula vyuma. Mwaka 2019, katika mkutano wa watengenezaji wa Python uliofanyika Marekani, mtaalamu Amber Brown aliitumia picha hiyo hiyo. Alisema betri zimo, lakini zinavuja. Hoja yake ilikuwa kwamba zana iliyomo ndani ya boksi hungoja toleo jipya la lugha nzima ndipo ipate marekebisho, wakati zana iliyo nje inaweza kurekebishwa wakati wowote.

Mwaka huo huo Christian Heimes aliandika pendekezo la kuondoa "betri zilizokufa", na Brett Cannon akaungana naye kulikamilisha. Linajulikana kama pendekezo namba 594. Baraza la Uongozi la Python, lenye watu 5 wanaochaguliwa na watengenezaji wakuu wa lugha hiyo, lililikubali mwaka 2022.

Kati ya zilizotolewa kuna telnetlib, ya njia ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali. Kuna cgi, iliyotumika kupokea fomu za tovuti za enzi zile. Kuna crypt, ya kuficha maneno ya siri kwa mbinu ambazo leo ni dhaifu. Kuna pia zana kadhaa za kushughulikia sauti za aina ambazo hazitumiki sana siku hizi.

Sababu zao kubwa zilikuwa tatu. Kwanza, watunzaji ni wachache na wengi wao wanajitolea, na kila zana iliyomo ndani ni shamba lingine la kupalilia. Pili, zana iliyozeeka na kukosa mtunzaji ni mlango uliosahaulika wazi, mhalifu anaweza kuingilia hapo. Tatu, Python inatoa toleo jipya mara moja kwa mwaka, mwezi Oktoba, na mwendo huo hauzifai kazi zinazobadilika haraka.

Sababu hiyo ya tatu iliwahi kuamua jambo jingine kabla. Zana ya Requests, inayopendwa sana kwa kuwasiliana na tovuti, ilijadiliwa mwaka 2015 iwapo iingizwe kwenye boksi. Iliachwa nje ili iendelee kupata marekebisho ya usalama kwa haraka, bila kungoja toleo la lugha.

Lazima tuseme pia kwamba uamuzi wa kuziondoa zana 19 haukufanywa kwa kushtukiza. Tangu toleo la 3.11 la Oktoba 2022 Python ilikuwa ikitoa onyo kwa kila aliyezitumia. Ilikuwa ni notisi ya miaka 2.

Nani analipa gharama?

Hoja hizo zina uzito. Tatizo ni kwamba zana ikitoka kwenye boksi, kazi ya kuipata haiishi. Inahama kutoka kwa mtengenezaji kwenda kwa mtumiaji, na watumiaji hawako sawa.

Tuchukue mfano ulio karibu na kazi yetu ya redio. Kuna maktaba ya Python iitwayo pydub, inayotumika kukata na kuunganisha sauti. Iko nje ya boksi, lakini yenyewe inategemea zana iitwayo audioop, ambayo ilikuwa ndani. Audioop ni moja ya zile 19. Mtu akiweka Python 3.13 na pydub aliyobebewa kwenye flashi, programu itagoma na kudai audioop. Mbadala upo, unaitwa audioop-lts, na unapatikana PyPI. Mwenye intaneti anauchukua kwa dakika moja. Asiye na intaneti anabaki na ujumbe wa kosa kwenye kioo, na wala hajui kama kosa ni lake au la.

Kwa anayeanza kujifunza, hapo ndipo hatari ilipo. Fundi mzoefu anatambua kwamba zana imehamishwa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anadhani hana akili ya kompyuta.

Wakazi wa huku wanajua kwamba mtandao haugawanyiki kwa usawa. Mwezi Agosti 2022, shirika la mawasiliano TTCL lilizindua intaneti ya kasi kwenye Mlima Kilimanjaro, hadi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mpanda mlima anaweza kutuma picha akiwa huko juu. Lakini kijiji kilichojificha kwenye korongo kati ya matuta mawili, chini kabisa ya hapo, mawimbi hukatika mtu akihama kutoka ukumbini kwenda jikoni. Na hata mawimbi yakiwepo, bando linanunuliwa kwa hela ile ile ya sukari na mafuta ya taa.

Kuna gharama nyingine isiyohesabiwa kwa megabaiti. Zana zilizomo ndani ya boksi zimekaguliwa na watengenezaji wa lugha. PyPI ni kama soko la wazi, mtu yeyote anaweza kuleta bidhaa. Mwezi Machi 2024 wasimamizi wa ghala hilo walisimamisha kwa muda uandikishaji wa watumiaji wapya baada ya wahalifu kupakia vifurushi vingi vyenye programu hasidi, vikiwa na majina yanayofanana na ya zana maarufu. Anayekosea herufi moja anaweza kujiletea mwizi nyumbani. Kwa hiyo kila zana inayotoka ndani ya boksi inaongeza safari za kwenda kwenye soko hilo.

Jambo tulilowahi kuliona kwenye kahawa

Mjadala huu si mgeni kwa wazee wa Uchaggani, ingawa wao waliukuta kwenye pembejeo. Kabla ya soko la kahawa kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi msimu wa 1994/95, mkulima alipata dawa za chulebuni na kutu ya majani kupitia chama chake cha msingi, na gharama ikakatwa kwenye malipo ya kahawa. Ilikuwa ni kifurushi. Kilikuwa na matatizo yake: mkulima hakuchagua dawa, hakuchagua bei, na makato mengine hakuyaelewa.

Soko lilipofunguliwa, kifurushi kilivunjika. Mkulima akapata uhuru wa kumuuzia amtakaye na kununua atakacho. Lakini dawa sasa ilitakiwa kulipiwa taslimu, kabla ya mavuno. Aliyekuwa na akiba au mtoto mwenye kazi mjini aliendelea kunyunyizia. Wengi wasio na akiba walipunguza au wakaacha, na mibuni ikaonyesha.

Tunaukumbusha mfano huu kwa sababu somo lake linafanana. Kuvunja kifurushi kunaweza kuwa sahihi, na bado kukamwacha nyuma mtu yule yule ambaye kifurushi kilimbeba. Kinacholeta tofauti ni kama kuna njia nyingine iliyoandaliwa kwa ajili yake kabla ya kuvunja.

Lugha nyingine zimefanyaje?

Python haiko peke yake. Java, lugha inayotumika sana mabenki na maofisini, iliitoa JavaFX, zana ya kutengenezea madirisha na vitufe, kwenye toleo la 11 la mwaka 2018. Node.js, mfumo wa kuendesha lugha ya JavaScript nje ya kivinjari, uliamua mwaka 2025 kwamba zana yake ya hiari iitwayo Corepack isije tena kuanzia toleo la 25. Mwelekeo wa jumla ni kupunguza mzigo ndani ya boksi.

Wapo pia waliokwenda upande wa pili kabisa. Kampuni ya Anaconda inatoa Python iliyosheheni mamia ya zana za hesabu na takwimu. Hapo betri zote zimo, lakini kifurushi chenyewe kinakaribia gigabaiti 1. Kwa anayelipia bando, hicho nacho ni kikwazo. Boksi tupu linamlazimisha kurudi mtandaoni kila siku, na boksi lililojaa kupita kiasi haliwezi kupakuliwa.

Tunavyoona sisi

Baada ya kupima pande zote, tunaona kwamba watengenezaji wa Python walikuwa na haki ya kutoa zana zilizokufa. Kumpa mwanafunzi zana ya kuficha maneno ya siri kwa mbinu dhaifu ni kumdanganya kwamba yuko salama. Hatuwezi kutetea kila kilichomo ndani eti kwa sababu kimezoeleka.

Lakini kipimo cha kuamua kinatakiwa kiongezwe. Majadiliano mengi kuhusu zana za hiari yanauliza: nani ataitunza, na watu wangapi wanaitumia? Tungependa liulizwe na swali la tatu: mtu asiye na intaneti atakwama wapi ikiondoka? Kama jibu ni kwamba atakwama katika kazi za msingi, yaani kuandika, kuhifadhi, kuhesabu na kusoma maelezo, basi zana hiyo ibaki ndani. Kama ni kazi ya mtandaoni kwa asili yake, kama ilivyo Requests, kuiweka nje hakumuumizi sana, kwa sababu anayeitumia tayari ana mtandao.

Kwa kipimo hicho Python bado inafanya vizuri. Sqlite3 na csv zimebaki. Kisakinishi cha Windows kinakuja na IDLE, ubao mdogo wa kuandikia programu. Hata pip imewekwa ndani kwa namna ambayo inajisakinisha yenyewe bila intaneti.

Jambo linalofuata ndilo la kufuatilia kwa karibu. Mwaka 2025 Python ilileta njia mpya ya kuiweka lugha hiyo kwenye Windows: programu ndogo inayokwenda mtandaoni kuchukua toleo unalolitaka. Kisakinishi cha zamani, lile faili moja linalojitegemea ambalo mwalimu analibeba kwenye flashi na kulipeleka kompyuta kwa kompyuta, hakitatolewa tena kuanzia toleo la 3.16, ambalo kwa mwendo wa toleo moja kila mwaka litafika 2027. Njia mpya inaruhusu kupakua kila kitu kwanza mahali penye mtandao na kukisakinisha baadaye pasipo na mtandao. Hilo ni jema. Ila linahitaji mtu anayejua amri za kuandika, wakati la zamani lilihitaji kubofya tu.

Nini cha kufanya kwa sasa

Kwa mwalimu mwenye maabara ya kompyuta: chagua toleo moja la Python na litumie kwenye kompyuta zote kwa mwaka mzima. Kila toleo hupata marekebisho ya usalama kwa miaka 5, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia jipya kila Oktoba. Kabla ya kuhamia jipya, jaribu masomo yako yote kwenye kompyuta moja kwanza.

Ukienda mjini penye intaneti nzuri, beba flashi. Amri ya pip download huchukua zana pamoja na vyote inavyovitegemea na kuviweka kwenye folda, na baadaye pip inaweza kusoma kutoka folda hiyo bila mtandao. Hakikisha kompyuta unayopakulia ina mfumo na toleo la Python sawa na za shuleni, la sivyo faili zinaweza kukataa. Na andika jina la zana kwa uangalifu, herufi kwa herufi.

Kwa kijana anayejifunza kwa simu: programu ya Pydroid 3 inaendesha Python kwenye simu za Android bila intaneti ikishawekwa. Inatosha kwa kujifunza misingi, na zana zilizomo ndani ya Python unazipata humo.

Kwa mzazi: mtoto akikuomba bando la kupakulia "kifurushi cha Python", muulize somo analofanya linahitaji nini. Kwa miezi ya mwanzo, boksi la megabaiti 30 linatosha. Zana za takwimu zenye uzito mkubwa zinaweza kungoja.

Na kwa wataalamu wetu wa kompyuta, walioko vyuoni Moshi na kwingineko: mapendekezo ya Python yanajadiliwa hadharani, na mtu yeyote anaweza kutoa maoni kabla ya uamuzi. Watumiaji wa Django, mfumo wa kutengeneza tovuti kwa Python, walikutana Zanzibar Novemba 2023 na Arusha Agosti 2025, kilomita kama 80 tu kutoka Moshi. Watu hao wanafikika. Wakati wa kuwaeleza hali ya shule isiyo na mtandao ni sasa, kabla kisakinishi cha zamani hakijaondoka, kwa sababu kukirudisha baadaye kutakuwa kugumu kuliko kuomba leo kwamba njia mpya nayo iwe ya kubofya tu.